Jicho la Kushoto Halisemi "Pita"

Watoto wa Dilala, mtaa wetu hapa Kolwezi, ninyi mnaojua jina la kila injini na hamjui mkanda wa kiti unafungwa wapi, leo ni zamu yenu. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini niliacha kufundisha udereva wakati bado napanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Nimewajibu miguu. Nimewajibu mgongo. Mara moja nilimjibu mtu kwamba ni mapenzi ya Mungu, naye akaitikia amina, nami nikaona aibu kumsingizia Mungu. Ukweli ni huu: niliacha kwa sababu mvulana wa miaka kumi na minane alikataa kunitii barabarani. Na kama angenitii, tungezikwa wote wawili wiki moja.

Nitafika huko. Ila mimi napenda kupitia njia ndefu, na mwenye haraka ashuke hapa hapa.

Sikuanza kama mwalimu. Niliajiriwa kuwa karani wa shule ndogo ya udereva, chumba kimoja chenye meza moja, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wanafunzi na kufukuza mbuzi waliolala chini ya gari. Mwenye shule alikuwa Tata Ilunga, dereva wa zamani wa mabasi ya wafanyakazi wa mgodi, mtu mfupi aliyekalia mto ili aone mbele. Asubuhi moja mwalimu wake wa pekee alipata kazi mgodini, akaondoka bila kumaliza chai yake. Tata Ilunga aliinywa ile chai, akanitazama.

"Ngalula, weye unajuaka kuendesha?"

"Hapana, Tata."

"Muzuri. Muntu mwenye kujua kidogo njo ananisumbuaka. Kuya."

Ndivyo nilivyoitwa kazini, kwa kuambiwa njoo. Baba yangu, mtu wa Kasai ambaye baba yake aliletwa huku kuchimba shaba, alisema mwanamke mwalimu wa udereva atachekwa. Alisema kweli. Nilichekwa miaka miwili mizima, halafu wale waliocheka wakaanza kuniletea watoto wao.

Gari letu lilikuwa dogo, jeupe, limetoka Japani na kuingia kwetu kwa barabara ya Zambia, na usukani wake ulikuwa kulia. Mgeni asiyetoka kwetu asikilize vizuri hapa. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Basi gari lenye usukani kulia linamweka dereva kando ya majani, na abiria wake linamweka katikati ya barabara. Ukiwa nyuma ya lori la shaba, wewe dereva huoni kitu isipokuwa matope ya lori. Anayeona mbele ni mtu wa kushoto.

Kwa hiyo kwetu kiti cha mbele cha kushoto hakina usingizi. Anayekaa pale ni jicho. Dereva anauliza, "Njia iko?" naye anachungulia, anajibu "Pita" au "Ngoja." Nimewaona mama wa sokoni wakifanya kazi hiyo na beseni la mikate mapajani, mdomo umejaa. Nimemwona mchungaji mmoja aliyefumba macho kusali kila tulipokaribia lori. Kwa roho zetu alifanya vizuri, lakini kazi aliyopewa ilikuwa kuangalia. Na vijana nimewaona pia. Kijana ukimweka kushoto, anasema "Pita" kabla hujamuuliza.

Tata Ilunga alikuwa na sheria yake, na alinifundisha siku ya kwanza kabla hata hajanionyesha breki iko wapi.

"Jicho ya kushoto iko na ruhusa ya kusema ngoja," alisema. "Kusema pita, hapana. Pita ni ya muntu mwenye kushika volant. Kama haoni na macho yake mwenyewe, anabakia nyuma. Hata kama ni askofu njo anamuambia."

Nikamuuliza, sasa mtu wa usukani wa kulia ataonaje? Akanifundisha. Lori ukilisogelea linakuwa ukuta. Liache, rudi nyuma, liwe mbali nawe, na barabara itafunguka pembeni yake. Halafu subiri kona. Barabara ikipinda kulia, wewe uliye kando ya majani ndiye unayeona hadi mwisho. Ikipinda kushoto, tulia, kona hiyo si yako. Hayo hamtayapata kwenye simu zenu. Yawekeni kichwani.

Sheria bila mtego husahaulika, na Tata Ilunga alikuwa na mtego. Mwanafunzi akishazoea barabara kubwa, alimpeleka nyuma ya lori linalopanda mlima polepole. Yeye akiwa kushoto, alihakikisha kwanza kwamba njia ni tupu kabisa, kisha akasema kwa sauti tamu kama anayekupa peremende, "Pita, mama." Mimi nilipita. Basi nilipokwisha kupita, alinisimamisha kando, akaniambia nishuke. Nilitembea hadi juu ya mlima ule nikiwa na viatu vya ofisi, naye akiendesha taratibu kando yangu, akila karanga.

"Uliona njia?" aliniuliza dirishani.

"Weye ulisema pita, Tata!"

"Nimekuuliza kama uliona."

Nilitembea. Malengelenge yale nayakumbuka kuliko siku niliyopewa leseni yangu. Nilipokuwa mwalimu nami niliutumia mtego ule ule, na wako watu wazima leo hapa Kolwezi, wana ofisi na tumbo, ambao waliwahi kupanda mlima kwa miguu kwa sababu yangu.

Makosa yangu mwenyewe yalikuwa mengi, msidhani nimezaliwa na leseni. Wiki yangu ya kwanza nikiwa mwalimu, nilikaa kushoto na breki yangu ya pili, ile ya mwalimu, iliyounganishwa na fundi wa kuchomelea wa mtaa wetu. Mwanafunzi alikuwa muuguzi, mtu mzima, mtulivu. Tulipoikaribia chungu ya mchanga wa ujenzi nikakanyaga breki, na breki ikakatika, pedali ikaanguka chini kama kijiko. Tuliingia mchangani taratibu. Muuguzi alizima gari, akageuka, akaniuliza kwa upole kama ndivyo tunavyosimamaga siku zote. Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, niliinama na kuivuta breki yangu kwa mikono miwili. Ukiwa na kifaa cha kukuokoa, kijaribu siku ambayo hukihitaji.

Zamani tulifundisha kugeuza gari upande wa Kingamyambo, kwenye uwanja wazi karibu na mchanga mweupe ulioachwa na viwanda. Tulipanga matofali, mwanafunzi alipita katikati. Siku hizi mchanga wenyewe unachimbuliwa upya, kumbe bado una shaba na kobalti, na matofali yetu hayana pa kukaa. Barabara nazo zimejaa taksi-moto, pikipiki za abiria, zinazotokea kushoto, kulia, na mara nyingine nadhani zinatokea chini. Na wanafunzi wamebadilika. Kijana wa zamani alikuja hajui kitu, akaogopa. Wa leo anakuja amekwisha kuendesha magari hamsini kwenye simu. Nilikuwa na mmoja aliyegonga ndoo ya maji ya jirani, akabaki ananyoosha kidole hewani, anatafuta pa kuanzia mchezo upya. Nikamwambia aanzie kwenye bomba, na ndoo kichwani.

Watu kama hao, wapenzi wa magari, ndio waliokuwa kipenzi changu na ugonjwa wangu. Ukiwaambia haraka haraka haina baraka, wanakucheka, na wana haki. Maneno hayo yameandikwa nyuma ya kila basi linalokimbia kuliko yote. Nilitafuta dawa nyingine. Siku ya kwanza sikumpa mtu ufunguo. Nilimwambia alisukume gari kwa mikono kutoka kwenye lango letu hadi barabarani, halafu alisimamishe, kwa mikono hiyo hiyo. Wote walijua kulisukuma. Kulisimamisha, viatu vilisuguka, jasho likatoka, na gari likaendelea kidogo mbele yao lilivyotaka. Hapo ndipo nilipowauliza: huo ni mwendo wa bata, je ukiwa unakimbia? Sikuhitaji kuongeza neno. Jirani yangu mmoja alinihurumia miaka mingi.

"Mama Ngalula," aliniambia, "hamununuake batterie? Kila siku batoto banaisukuma tu!"

Na kabla ya kusukuma kulikuwa na jambo moja zaidi. Nilimsimamisha mwanafunzi, nikahesabu hatua ishirini kutoka kwenye gari lililoegeshwa, nikamwambia asome namba yake kwa sauti. Asiyeweza kusoma alirudi nyumbani kutafuta miwani. "Mwenye hasomi plaque, hapandi motokari," niliwaambia. Sikumwonea mtu, na sikumsamehe mtu. Niliwahi kumrudisha mzee mmoja aliyekuja na suti na tai, mbele ya watoto wake.

Sasa nianze kuungama.

Miaka yangu ya mwisho kazini, herufi zilianza kukimbia. Mwanzo nilidhani wachora vibao wamekuwa wavivu. Halafu nikadhani ni vumbi la kiangazi. Binti yangu anayeishi Lubumbashi alinipeleka kwa daktari wa macho kwa nguvu, nikatoka na miwani mizito. Nilijitazama kwenye kioo, nikamwona bibi yangu. Niliikunja miwani ile kwenye kitambaa, nikaiweka chini kabisa ya mkoba, chini ya Biblia na maganda ya karanga, na ikakaa humo. Ndiyo, ni majivuno. Nilikuwa mwalimu mwanamke wa kwanza wa mtaa huu, nilikuwa navaa kitenge cha kisasa na hereni, na sikutaka watoto waniite bibi.

Na mnajua nilivyokuwa nikifanya jaribio la kusoma namba? Nilichagua siku zote ile pikapu ya kijani ya jirani, kwa sababu namba yake niliijua kwa moyo. Mwanafunzi akisoma vibaya nilimsahihisha kwa ukali kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa naona rangi ya kijani tu.

Ndipo akaja Plamedi. Mvulana mrefu, kiatu kimoja daima hakijafungwa, anayeweza kukwambia gari gani linapita kwa kusikia tu, amekupa mgongo. Mama yake, Mama Plamedi, anauza vitenge sokoni Fungurume, na alikuwa na gari lenye usukani kulia lililokaa uani bila dereva, maana yeye mwenyewe haendeshi na hakumwamini mtu. Kila wiki alipanda magari ya watu na marobota yake. Plamedi alililia lile gari tangu ndevu hazijaota.

"Mama Ngalula," yule mama aliniambia siku ya kumleta, mbele yake, "mi niko na mutoto mumoja tu. Ufunguo iko mu kabati. Siku weye utaniambia ameiva, njo siku nitamupa. Kama hautaniambia, motokari ioze."

Plamedi alisema, "Mi najua hii bintu kuliko ule muntu aliitengeneza."

"Basi sukuma," nilimwambia.

Alisukuma. Akateleza, akakaa chini, akacheka mwenyewe. Nilimpenda kuanzia hapo. Miezi ile alikuwa mbishi, anauliza kwa nini ya kila kitu, na mara mbili nilimshusha kwa kosa la kukimbiza gari, akarudi nyumbani kwa miguu. Mara ya tatu alipunguza mwenyewe, akanitazama kuona kama nimeona. Niliona. Hilo bado nililiona.

Somo lake la mwisho lilikuwa safari ya kweli: kutoka Kolwezi hadi Fungurume, kwa gari la mama yake lenyewe. Mama Plamedi alikuwa ametangulia sokoni asubuhi. Tulipatana tumkute hapo, nami nimpe jibu langu, ndiyo au hapana. Gari lile halikuwa na breki ya mwalimu. Nilimwambia Plamedi kwamba breki ya mwalimu leo ni mdomo wangu.

Kilikuwa kiangazi. Kilomita nyingi aliendesha vizuri kuliko mimi nilivyoendesha umri wake. Halafu tukakwama nyuma ya lori lililosheheni, linakohoa moshi, linatambaa, na vumbi la pembeni linapanda hadi kwenye meno. Dakika kumi. Kumi na tano. Nilikuwa na kiu, kitenge changu kimekuwa chekundu, na nilikuwa nimemwahidi mama yake saa fulani. Nikanyoosha shingo kushoto. Mbele niliona barabara, na kwenye barabara niliona wingu la kijivu la vumbi lililotulia, na zaidi ya hapo hakuna kitu.

"Pita," nilisema.

Sikuwa natega, watoto wangu. Nisikilizeni vizuri. Nilisema kweli.

Plamedi hakupita. Aliachia mafuta, gari likarudi nyuma kidogo.

"Siko naona, Mama."

"Mi niko naona! Njia iko wazi. Pita, tutalala hapa?"

"Unisamehe, Mama. Kama siko naona, sitapita."

Nilikasirika. Ninyi mnajua tunavyolelewa: mtoto habishani na mkubwa, sembuse mkubwa aliyekaa karibu naye kama mwalimu wake. Nilimwita kwa jina lake lote. Nilimwambia nitamweleza mama yake kwamba hana adabu. Masikio yake yalibadilika rangi, lakini mikono yake haikusogea kwenye usukani.

Na lile wingu la kijivu likapata magurudumu. Lilikuwa lori la tanki, la kijivu, taa hazijawashwa, likitujia katikati ya vumbi upande ule ule ambao ningekuwa nimekaa mimi kama tungetoka. Lilipita na upepo wake ukalitikisa gari letu dogo. Nilisikia honi yake ikiwa tayari nyuma yetu.

Halafu Plamedi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyefaulu mtihani.

"Mama, ulifikiri utanikamata! Ule mutego, bakubwa bote ba avenue yetu banaujua! Lakini leo uliufanya nguvu, eh? Mpaka kukasirika! Kidogo niamini!"

Nami, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja naye. Nikamwambia, "Bravo, mutoto wangu." Hata nikampigapiga begani.

Kilomita zilizobaki hadi Fungurume zilikuwa ndefu kuliko kazi yangu yote. Aliimba njia nzima. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Yeye alikuwa na furaha, mama yake angefurahi, nami ningebaki mwalimu mjanja ambaye mtego wake unafanya kazi hata kwenye vumbi. Nilikwisha kujipangia kwamba nitavaa miwani polepole, nyumbani kwanza, halafu kanisani. Lakini Jumatatu nilikuwa na mwanafunzi mwingine, Merveille. Msichana mpole, mtoto wa katekista, hajawahi kumjibu mtu mzima vibaya tangu azaliwe. Nilimwona akiwa amekaa pale kulia, mikono kwenye usukani. Mimi nikisema "Pita, mama," Merveille atasema "Ndiyo, Mama." Na atapita. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nawaazima watoto wa watu macho ambayo hata mimi sikuwa nayo.

Aliegesha karibu na soko, vizuri kabisa, katikati ya malori ya wageni. Akazima gari. Akaninyooshea ufunguo.

"Plamedi," nilisema, "ule haukukuwa mutego."

Alitabasamu bado. "Ilikuwa nini?"

"Mi sikuona ile kamyo."

"Hauikuona namna gani, Mama? Ilikuwa mukubwa sawa nyumba!"

"Sikuiona. Niliona vumbi. Sasa iko myaka mbili, mi siko naona mbali. Nilikuwa naona haya kusema."

Kicheko kilimtoka usoni. Akaangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyokataa kusogea kwenye usukani. Nilimwomba msamaha, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiluba, kwa sababu cha kwanza hakikunitosha.

Alishuka. Nilidhani anakwenda kumwita mama yake. Lakini alizunguka, akanifungulia mlango, akaniambia kwa heshima nisimame pale pale. Kisha akaanza kutembea, anahesabu hatua kwa sauti katikati ya wauza mihogo na wapagazi: moja, mbili, tatu. Kwenye ishirini alisimama kando ya lori moja, akaweka kiganja chini ya namba yake.

"Mama Ngalula," aliita, "soma."

Watu waligeuka. Mwanamke mmoja wa mihogo alimkemea, "We mutoto, hauna haya? Mama mukubwa!"

"Ni yeye njo alitufunza," Plamedi alijibu. "Alisema mwenye hasomi plaque, hapandi motokari. Soma, Mama."

Hakuwa ananidharau. Alikuwa karibu kulia, na aliniogopea. Nilitazama. Kulikuwa na kitu cheupe chenye madoa.

"Siwezi," nilisema.

"Basi tafuta lunettes."

Nilichimba mkoba wangu hadi chini. Nilitoa Biblia, nikatoa maganda ya karanga, nikamwekea yule mwanamke wa mihogo vyote mkononi, na nikaikunjua miwani. Niliivaa. Nikaisoma ile namba kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na wapagazi wakanipigia makofi. Halafu niliinua macho kidogo juu ya namba. Nilimwona Plamedi. Nilikuwa nimekaa naye gari moja miezi mingi, macho yangu yakihangaika na barabara, na sikujua ana kovu dogo kwenye nyusi, wala kwamba masharubu yameanza kumwota. Nikalia pale sokoni, machozi yakatia ukungu kwenye miwani, ikawa sioni tena.

Mama Plamedi alipofika na marobota yake nilimwambia yote, sikuficha. Alitua mzigo wake. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Mutoto ameiva?"

"Ameiva," nilisema. "Mi njo nimeoza."

Alicheka hadi akashika marobota. Nami Jumatatu nilimpeleka Merveille kwa mwalimu mwingine, nikarudisha funguo za shule. Hayo ndiyo magonjwa ya miguu yangu, mliyokuwa mnauliza.

Lakini kulikuwa na kurudi nyumbani jioni ile. Plamedi alinifungulia mlango wa nyuma. "Ukae huku, Mama. Kiti ya mbele ni ya mama yangu." Nilikaa nyuma, kushoto, nimebanwa na vitenge, miwani puani. Kabla ya nusu ya njia tukakuta lori lingine, mvivu kuliko la asubuhi. Mama Plamedi alichungulia.

"Pita, mutoto wangu. Mi niko naona mpaka kule. Hakuna kitu."

"Ngoja, Mama," alisema Plamedi. "Nione mi mwenyewe."

Akarudi nyuma, akaliacha lori liende. Mimi nilichungulia kwa dirisha langu. Kwa miwani ile niliona barabara yote, hadi juu ya mlima, hadi kwenye miti ya huko mbele, na mama yake alikuwa amesema kweli: hapakuwa na gari, wala mtu, wala mbuzi. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nikalimeza, nikamwacha aangalie.